Fundo la Kumi na Mbili

Mlioniandikia wiki hii kupitia gazeti hili linalochapa kisa changu mkiniita muuaji, barua zenu nimezipata na nimezisoma zote, hata ile ya bwana wa Mkunazini aliyejaza kurasa nne za matusi bila ya kuweka nukta. Sikatai neno. Ila mtu akianza kuhukumu, ni adabu amsikilize mshitakiwa mpaka mwisho, basi kaeni.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mize binti Mkadam. Mwaka ule wa sabini na moja nilikuwa nikikaa Kiembe Samaki, na kazi yangu ilikuwa kuwachanja chale wanawake wenye mimba ili husda isiwaguse. Wembe niliachiwa na bibi yangu, na sharti lake lilikuwa moja tu: hauoshwi. Bibi alisema maji yanaua mkono wa wembe. Nikimaliza mmoja niliupangusa kwa kitambaa, nikamngojea mwengine. Na nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Niliwaambia wateja kwamba wembe wangu una baraka za wazazi mia waliojifungua salama, nao walifurahi kusikia.

Mlipotuacha wiki iliyopita, wanawake watatu katika niliowachanja walikuwa wameshakufa, kila mmoja macho yake yamegeuka rangi ya manjano. Wa mwisho, Mwanamkasi, alikufa akijifungua na akazikwa siku ya pili yake. Asubuhi baada ya maziko mumewe, Shaame seremala, alikuwa nje ya mlango wangu na shoka. Mimi nilikuwa ndani, mgongo ukutani.

Mlango ulistahimili mapigo manne. La tano lilipasua ubao wa kati na nikaliona jicho la Shaame, jekundu kwa kulia. Mtu yule ndiye aliyenitengenezea kitanda nilichokuwa nikikilalia. Alikuwa mpole wa watu, akipita mara tatu kwa siku atakuamkia mara tatu.

Aliingia, akanikamata nywele, akaniburura mpaka uani. Nilimng'ata mkono nikaonja damu yake. Hakuutoa. Alinipiga kwa kisogo cha shoka kwenye mkono wa kushoto, na mfupa ukalia kama ukuni.

Nilidhani ataniua pale pale. Badala yake aliuliza mkoba wangu uko wapi. Sikuwa na haja ya kujibu kwa sababu ulikuwa umening'inia msumarini, akautungua na kuumwaga: kitambaa, kikopo cha masizi, uzi wa mafundo, wembe. Akaokota wembe. Akanikalia kifuani.

"Ulimwambiaje mke wangu ulipomchanja?"

Nilimsukuma kwa mkono wa kulia.

"Ulimwambiaje, Bi Mize?"

"Nilimwambia, nakuchanja uzae salama."

"Haya," alisema, taratibu kabisa. "Nakuchanja uzae salama."

Akanikata kipaji cha uso. Akayasema tena yale maneno, akanikata shavu la kulia, akayasema tena, akanikata la kushoto. Chale zangu mimi zilikuwa nyepesi, mwanamke hutoka anacheka. Zake zilifika mfupani. Nilipiga ukelele mpaka sauti ikanikauka, na yeye alikuwa akilia kuliko mimi.

Ndipo niliposikia vishindo vya watu mlangoni. Nikamshukuru Mungu. Ni majirani zangu, watu ambao nimekula nao Idi kumi na sita.

Walimwondoa Shaame juu yangu. Walimfuta machozi, wakamwambia akae pembeni, asijitie dhambini kwa ajili ya mchawi. Kisha wakaanza kuokota mawe.

La kwanza lilitupwa na mwanamke aliyekuwa akiniletea visheti kila Ijumaa. Lilinipata begani. La pili lilinipata ubavuni, na baada ya hapo sikuhesabu tena. Nilijikunja nikaficha kichwa kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Mtu akatia moto paa. Makuti ya kiangazi hayangoji kubembelezwa, na mara moja uani pote pakawa moshi.

Kiembe Samaki ni jirani na uwanja wa ndege, na mtu mmoja mwenye huruma, ambaye mpaka leo simjui, alikuwa amekimbilia huko kupiga simu hospitali. Gari ya wagonjwa ilikuja inapiga honi katikati ya watu. Dereva wake aliruka chini kabla haijasimama vizuri. Alikuwa Duni, mume wa mwanangu wa pekee, Tabia.

Duni alipita katikati ya mawe. Moja lilimpasua nyuma ya sikio, na alipoinama kuninyanyua damu yake ilinitiririkia usoni ikachanganyika na yangu. Alinibeba kama anavyobebwa bibi harusi, akaokota na mkoba wangu na uzi uliomwagika, akidhani una kitu cha maana. Wale watu wakamzuia njia.

"Huyu mama yangu," aliwaambia. "Anayemtaka aanze na mimi."

Wakampisha. Na mimi niliyebebwa kifuani pake nilifumba macho, si kwa maumivu. Nilikuwa nimeshamvunjia nyumba yake miezi minne nyuma, naye hana habari.

Jambo hili sikuwaambia wiki zote hizi. Nililificha kwa sababu naona aibu nalo kuliko hata ya maiti watatu, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo.

Duni aliudharau wembe wangu tangu siku ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wagonjwa, na alishawabeba wengi waliopata pepopunda kwa visu na nyembe za waganga. Alikuwa kijana wa hasira za karibu. Talaka moja alimpa Tabia mwaka wa kwanza wa ndoa kwa ugomvi wa kipuuzi, akamrejea. Ya pili akampa mwaka uliofuata, akamrejea akilia. Ikabaki moja. Tabia alipopata mimba, Duni alimwekea sharti mbele yangu: siku wembe wa mama yako utakapogusa ngozi yako, umeachika.

Mnaelewa uzito wake. Hiyo ingekuwa ya tatu, na ya tatu haina kurejeana, mpaka mwanamke aolewe na mume mwengine. Talaka ya sharti haingoji mtu aamke aitamke tena. Sharti likivunjika, imeshapita.

Lakini mimba ya kwanza ya Tabia ilikuwa imeharibika, na hii ya pili ilipofika miezi mitano mwanangu alianza kuota ndoto mbaya. Alinijia akilia. Alisema, mama, nichanje, asijue. Nami nilikuwa mjinga wa kujiamini. Wenzake niliwachanja kiunoni, yeye nilimchanja utosini, nywele zikafunika. Nikafunga fundo moja zaidi kwenye uzi wangu, maana kwa kila mwanamke wa mwaka ule nilifunga fundo. Akarudi kwa Duni akaishi naye miezi minne kama mke, na yeye anajua na mimi najua kwamba si mkewe tena. Mimba ilipotimia nikamtoa mjini na kumpeleka Chwaka akajifungulie kwetu, kwa kaka yangu Mjaka na mdogo wangu Biasha, kama ilivyo ada ya uzazi wa kwanza.

Sasa twendeni hospitali, Duni alikonifikisha.

Mkunga wa zamu alikuwa Bi Mwanakheri, mwanamke mfupi wa Ng'ambo, mwepesi wa mikono na mzito wa kucheka. Alinishona uso, akanifunga mkono kwa vibao, na muda wote huo hakunipa hata pole. Alipomaliza akavuta kiti akakaa mbele yangu na karatasi. Duni alisimama nyuma yangu, kichwa kimefungwa bendeji, mkono wake begani kwangu.

Bi Mwanakheri alitaka majina ya wanawake wote niliowachanja mwaka ule. Nilimjibu kwa kiburi kwamba mimi sitoi siri za watu, na kwamba waliokufa walipatwa na husda iliyozidi nguvu ya dawa. Aliniacha nikamaliza.

"Mwanamkasi hakufa kwa husda, Bi Mize. Ini lake lilikufa. Mtu ini likimfa, damu yake haigandi. Alizaa nyumbani, ikamtoka mpaka ikamwishia, na waliokuwa naye hawajui wafanye nini."

Nikamwambia ini linakufaje kwa chale ndogo kama zile.

"Kuna homa ya ini inayokaa ndani ya damu. Mmoja katika wanawake wako alikuwa nayo, pengine mwenyewe hajijui. Wewe umeichukua kwa wembe wako ukawagawia wenzake."

Nilifungua mdomo nimtukane. Nikakiona kile kitambaa changu, kilivyokuwa cheusi, kilivyokuwa kigumu kwa damu za watu, na mimi ninapangusa wembe kwa hicho hicho na kusema bismillahi. Miaka yote nilijiona mlinzi wa wazazi, kumbe nilikuwa nikipita mlango kwa mlango nagawa mauti.

Nikamtajia majina. Watatu waliokufa, kisha mmoja mmoja walio hai na mitaa yao. Aliandika mpaka nikanyamaza, akahesabu, akasema kumi na mmoja. Kisha akauchukua uzi kutoka kwenye mkoba wangu, akaupitisha vidoleni.

"Mafundo ni kumi na mawili."

Mkono wa Duni ulikuwa bado begani kwangu.

"Wa kumi na mbili alihamia Tanga," nilisema.

Bi Mwanakheri hakuiandika Tanga. Duni akamwambia, tena kwa fahari, kwamba ashukuriwe Mungu mkewe hayumo. Alimkataza, na mama mkwe wake akaliheshimu neno lake. Akamuuliza ni wanaume wangapi hapa Unguja wenye bahati ya mkwe kama yule. Nilitamani Shaame arudi na shoka lake amalize kazi.

Bi Mwanakheri alisema mwanamke mwenye manjano asithubutu kuzalia nyumbani. Kuna sindano ya kusaidia damu igande, kuna chupa za dripu, na kukiwa na mtu wa kutoa damu, kuna kumwongezea. Dawa ya ugonjwa wenyewe hawana. Ila aliyeletwa mapema ana nafasi, na aliyeachwa mpaka damu imeanza hana. Akataka gari iende wakati ule ule kuwakusanya wanawake wanane walio hai. Gari ilikuwa moja, nyengine iko kwa fundi.

Na hapo ndipo mdogo wangu Biasha alipoingia, buibui lina vumbi, anahema. Alikuja kwa lori la samaki. Alianzia kwangu Kiembe Samaki akakuta moto, watu wakamwelekeza hospitali. Aliponiona uso wangu alikaa chini sakafuni. Alipopata pumzi alimwambia Duni kwamba Tabia ameshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Duni alicheka kwa furaha. Alisema alhamdulillahi, akawatazama watu wote chumbani kama anayetaka kupewa mkono. Bi Mwanakheri akasema ni habari njema, Chwaka kuna mkunga mzuri wa jadi, na Duni akishamaliza kuwakusanya wale wanane anaweza kwenda kumwona mtoto jioni. Wakaanza kutoka.

Biasha akaninong'oneza sikioni. "Dada, macho yake. Na pua inamtoka damu tangu asubuhi, haikatiki. Kaniapisha nisimwambie mtu. Kasema akipelekwa hospitali watamnyoa wataziona chale."

Wasomaji wangu, mtu husema angekuwa yeye angefanya vile na vile. Mimi nilikuwepo. Nikinyamaza, gari inakwenda kwa wanawake wengine na mwanangu anafia Chwaka, ameolewa, ana heshima yake. Nikisema, ana nafasi ya kuishi, bila mume, na jina la mwanamke aliyekaa na mwanamme miezi minne haramu. Nilitaka kumpa vyote viwili. Nilitafuta uongo wa kuifikisha ile gari Chwaka, mimi niliyekuwa bingwa wa kusema uongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuupata.

"Fundo la kumi na mbili ni Tabia," nilisema.

Duni aligeuka polepole mlangoni.

"Nani?"

"Tabia. Nilimchanja utosini. Ana manjano, Duni. Anatoka damu."

"Lini?"

Nikamwambia. Nikamwona anahesabu kwa vidole, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Alipofika cha nne alinirukia. Mikono ile ile iliyonibeba asubuhi ilinikamata koo, benchi likaanguka, mimi chini yeye juu, kichwa changu kinagonga sakafu. Mishono ya shavuni ikafumuka. Alikuwa akikaza tu, machozi yanamdondoka, na mimi sikujitetea kwa sababu niliona ana haki.

Bi Mwanakheri alimpiga kwa chupa ya dripu kwenye mgongo, ikapasuka.

"Duni, funguo za gari unazo wewe. Huyu utamuua kesho."

Akaniachia. Kisha akainuka, akasema mtoto ni wake, kwa hilo hakuna kadhi atakayembishia, na akatoka kwenda kuwasha gari.

Bi Mwanakheri alimpa mwenzake orodha ya wanawake wanane na kumtaka atafute watu wenye baiskeli. Akapakia sindano na chupa zake. Mimi na Biasha tukapanda nyuma bila ya kuulizwa. Tulipopita Dunga nilijaribu kumsemesha Duni. Nilimwambia mwanangu hakutaka kumdanganya, kosa ni langu.

"Bi Mize," alisema bila ya kugeuka, "usinisemeshe."

Hajawahi kuniita hivyo kabla. Tangu siku aliyooa nilikuwa mama.

Chwaka tulifika baada ya adhuhuri. Nyumba ya kaka yangu Mjaka iko mwisho wa njia, kushoto ukuta wa mawe, kulia ukuta wa mawe, na baada yake ni pwani. Gari ikiingia pale inageuzia mbele ya mlango, na ikitoka inatokea pale pale ilipoingilia. Duni aliigeuza, akaiacha imeelekea barabarani.

Mjaka alikuwa barazani anakata madafu kwa ajili ya wanawake waliokuja uzazini. Kaka yangu ndiye aliyemlea Tabia tangu baba yake kufariki, na anampenda kuliko watoto wake wa kuzaa. Duni alimwamkia, shikamoo mjomba. Mjaka akaitikia marahaba kwa furaha, akamwambia amekuja na guu la heri.

Ndani, mwanangu alikuwa kitandani ameegemezwa mito. Kama umewahi kuona mkono wa mwanamke aliyetoka kutwanga manjano, basi ndivyo yalivyokuwa macho yake. Kanga ya puani ilikuwa imeloa, na ya chini yake imeloa. Aliniangalia uso wangu uliochanwachanwa, hakushangaa hata kidogo. Alitazama nyuma yangu, akamwona Duni amesimama kizingitini.

"Mama, umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akafumba macho. "Basi afadhali," alisema.

Bi Mwanakheri alishaanza kumpiga sindano. Akasema mtoto bado yuko juu, tuna muda wa kufika mjini tukiondoka sasa hivi, akawaambia wanawake wamnyanyue na godoro lake. Mjaka naye alikuwa ameingia, panga mkononi, maji ya madafu yanamdondoka. Alikuwa amesikia.

"Kumwambia nini?" aliuliza.

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema ni mambo ya wanawake, na Mjaka angetoka nje kwa haya. Lakini siku ile nilikuwa nimeshaonja kusema kweli, ikanipa gari, na nikadhani kweli itanipa kila kitu. Nikamweleza kaka yangu yote. Chale, sharti, talaka ya tatu, miezi minne.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Duni.

"Umekaa na mtoto wetu kama malaya miezi minne?"

Duni alisema hakujua. Alisema kweli, na mimi nikalia nikisema hakujua, kosa ni langu mimi. Mjaka hakutusikia. Aibu ya nyumba ilikuwa imemziba masikio, na wanawake nusu ya mtaa walikuwa wamesimama pale wanasikiliza. Panga lilipanda likashuka mara moja tu. Duni alikinga kwa mkono wa kushoto. Nilimwona anakitazama kigasha chake, chini ya kiwiko, kilivyofunguka, nyama nyeupe kwanza, kisha damu ikaja kwa kasi ikaruka mpaka ukutani.

Wanawake walipiga mayowe wakatawanyika. Biasha alijitupa kwenye miguu ya kaka yake. Bi Mwanakheri akabaki katikati, huku Tabia anatoka damu, kule Duni anatoka damu, na yeye ana mikono miwili. Alichana kanga akamfunga Duni juu ya kiwiko, akakaza kwa kijiti mpaka Duni akapiga magoti.

"Nani hapa anajua kuendesha gari?" aliuliza.

Chwaka ya mwaka ule, aliyejua kuendesha gari alikuwa dereva wa lori la samaki, na lori lilikuwa mjini.

Duni akasimama mwenyewe. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu. Alisema kwa mkono mmoja usukani anauweza, klachi iko mguuni, kilichobaki ni gia. Akanitazama. Katika wote waliokuwepo, mikono ya Bi Mwanakheri ilihitajika nyuma, Biasha alitakiwa amshike Tabia kichwa, na mimi nilikuwa na mkono wa kulia mzima.

"Kaa mbele," aliniambia. "Nikikwambia moja, sukuma upande wako kisha juu. Nikikwambia mbili, vuta chini. Usishike kitu chengine."

Tulimpakia Tabia na godoro. Bi Mwanakheri akaning'iniza chupa kwenye chuma cha paa. Biasha akapanda akashika kichwa cha mwanangu mapajani, anasoma dua alizozijua. Mimi nilikaa kiti cha mbele cha gari kwa mara ya kwanza katika umri wangu. Duni aliwasha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani na kanga ilishaanza kudondoka damu.

Mjaka alitoka nyumbani. Alipita kando ya ukuta, akaja akasimama mbele ya gari, katikati ya njia, panga bado analo.

"Hatoki na huyu," alisema. "Kama ni kufa, atafia kwao na heshima yake."

Duni alipiga honi. Hakusogea. Kuta mbili za mawe, nyuma yetu pwani, mbele yetu yeye. Nilimwita kaka Mjaka, nikamwambia mtoto anakufa, nikamwapia kwa kaburi la mama yetu. Alitikisa kichwa. Sijapata kumwona kaka yangu akilia mpaka siku ile, na alikuwa akilia amesimama wima kama askari.

"Bi Mize," Bi Mwanakheri alisema kutoka nyuma, "damu haikatiki."

Duni akakanyaga klachi mpaka mwisho. Hakunitazama mimi wala hakumtazama Mjaka.

"Tia moja," alisema.

Nikaishika gia. Kaka yangu aliweka kiganja chake juu ya boneti, akanitazama mimi, si Duni.

Nikatia moja.